Kitabu Pepe cha Bibi Pindo

28 Novemba

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Barua hii nimeipiga chapa kwa mashine ya ofisini, herufi kubwa kubwa kama ulivyoagiza, maana ulisema mwandiko wangu ni nyayo za kuku. Nampa dereva wa lori la vitambaa. Kaniambia wiki hizi za kuelekea likizo anakuja huko kwenu mara kwa mara, wenye maduka wanayagombania majora kabla hayajashuka kwenye gari.

Nina habari na nina ombi. Habari ni kwamba wachapishaji wote niliowapelekea hadithi yangu wamekataa. Mmoja alisema ni ndefu, mwingine akasema ni fupi, wa tatu hajasema lolote mpaka leo. Nimelia, nimenyamaza, nimeamua. Likizo ikianza natoa kitabu pepe. Najichapishia mwenyewe. Jalada limeshakamilika: lina cherehani nyeusi, na pembeni yake gauni lililogeuzwa ndani nje.

Ombi ni kuhusu jina. Sitaki kuweka langu, nataka kuweka lako. Bibi Pindo. Wewe ndiye uliyenilea chini ya meza ya kukatia, na mimi hapa mapokezi ya zahanati hakuna anayenijua isipokuwa anayetaka namba ya foleni. Ukikataa nitaelewa, ila usikatae.

Mama hajambo? Mwambie nimemkumbuka.

Mjukuu wako,
Kifungo


2 Desemba

Wewe Kifungo,

Marahaba. Nimesoma barua yako asubuhi nikairudia jioni, na yote nina majibu yake.

Kwanza hili la kujichapa. Mtu mzima, mwenye kazi yake, anajichapa mwenyewe kwa kosa gani? Waliokataa hadithi yako ndio wa kuchapwa. Mimi nilikuchapa siku moja tu, ile uliyomeza kifungo cha koti la bwana harusi, na nilikuchapa mgongoni ili kitoke. Kifungo hakikutoka. Kilichotoka ni jina lako. Basi acha kujichapa, mwili huo si wako peke yako.

Pili, kitabu pepe. Hapo umetumia akili, na akili hiyo najua umeirithi kwa nani. Mpunga ukipetwa, pepe ndilo linaloruka: ganda zuri, ndani hamna kitu. Kwa hiyo hadithi wameikataa, na wewe unatoa kitabu kitupu, kila mtu ajaze ya kwake. Nimeviona sana. Kila mwisho wa mwaka maduka yanavileta, jalada la kung'aa, ndani kurasa nyeupe, watu wanapeana. Jina langu weka, tena weka kubwa. Kitabu kisicho na neno hakina uongo, hakina umbea, hakimgombanishi mtu na jirani yake. Mtu akiandika humo kwamba kitunguu kimekwisha jikoni, mimi kinaniuma nini? Nimekubali kwa mikono miwili.

Mama yako hajambo, ila kaanza ubosi. Kazi imejaa, kila mtu anataka nguo mpya ya likizo na kila mtu anaitaka kwangu, maana unajua mwenyewe, mshono wa Bibi Pindo haufumuki. Mwenye nguo atazeeka, nguo itabaki. Mama yako asubuhi ananitungia sindano, anazipanga kwenye kimto, anapiga pasi, anashikiza vifungo. Mpaka hapo sawa. Tukishakula mchana sasa: "Mama, kajilaze." Ananisukuma chumbani kama mtoto wa chekechea! Nalala ili kumridhisha. Nikiamka nakuta nyuzi fupi fupi zimezagaa chini ya meza. Ni yule paka wa jirani. Siku nikimkamata atakuwa kola ya koti.

Na usicheke herufi zangu kuwa kubwa. Naandika hivi ili wewe uone, maana simu imekumaliza macho.

Ni mimi bibi yako,
Bibi Pindo, fundi


8 Desemba

Bibi,

Kimetoka! Sikutegemea kama ungekubali upesi vile. Niliisoma barua yako nikiwa zamu, nikacheka peke yangu, wagonjwa wakadhani nimezidiwa kuliko wao. Yale ya mapepe na mpunga nimeyachukulia kuwa ni utani wako wa kawaida.

Wiki hii ya kwanza ya likizo nimekiachia bure na watu wanakipakua kila siku. Nimekiita *Upande wa Ndani*. Dereva wa lori ameniambia hata mtaani kwetu huko wapo walioanza kukisoma. Niliposikia hivyo nilifurahi, halafu nikaogopa kidogo.

Nakushukuru kwa jina. Nitalitunza.

Kifungo


13 Desemba

Kifungo,

Kaa chini. Kama umesimama mbele ya wagonjwa, waambie wasubiri, huku kuna mgonjwa zaidi yao.

Jana nimeinama nabana pindo la gauni, pini mdomoni, mke wa mwenye bucha kaingia bila hodi. Unamjua, yule akipita njia nzima inampisha.

"Bibi Pindo, nimekukosea nini?"

Nikamwambia hujanikosea, blauzi yako bado, rudi kesho.

"Siulizii blauzi! Sponji zangu umeziandika za nini?"

"Sponji gani?"

"Za makalioni!"

Mjukuu wangu, ilibaki kidogo nimeze pini. Leo ukoo huu ungekuwa na Kifungo na Pini. Nimempima mwanamke huyu tangu hajaolewa, namsifia umbo kwa watu, nasema huyo Mungu alimkata bila haraka. Kumbe ni sponji! Yeye kaniona nimeshangaa, akadhani najifanya. Akatoa simu, akanisogezea puani. Nikaiona cherehani. Nikaliona jina langu, kubwa, kama nilivyosema mwenyewe. Akasukuma kwa kidole: maneno. Akasukuma tena: maneno. Yamejaa kama siafu!

Nikamwambia, "Dada, hiki ni kitabu pepe."

"Ndiyo, ni pepe."

"Sasa mbona kimejaa?"

Akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, akaondoka. Mama yako ikabidi anieleze kwamba pepe siku hizi ni kitu cha kwenye simu. Nani aliwaruhusu? Nani aliwapa ruhusa ya kuchukua neno la watu, neno la ungo wa mpunga, wakalitia kwenye simu? Na hiyo kupakua, nilidhani unagawia watu chakula. Kumbe ni mimi niliyepakuliwa, mtaa mzima kila mtu na sahani yake.

Nisikilize. Fundi nguo anawaona watu kuliko daktari, maana kwa daktari mtu huenda akiumwa tu. Yanayoonwa kwenye chumba cha kujaribia nguo hayavuki pazia. Mdomo wangu nimeushona tangu ujana. Sina shule, sina cheo, nina jina. Jina langu ndilo duka langu. Watu wakisema Bibi Pindo anawaanika, cherehani yangu itakuwa meza ya kuwekea chupa ya chai.

Nijibu hili moja: habari za sponji kakwambia nani? Mimi sikuzijua!

Bibi Pindo


16 Desemba

Bibi,

Nisamehe. Nilijua unatania, kumbe tulikuwa tunasema vitu viwili kwa neno moja. Kitabu pepe ni kitabu kama vitabu vingine, kimejaa, ila hakina karatasi. Ningejua umeelewa mapepe ya mpunga ningepanda lori nije nikueleze ana kwa ana.

Lakini naapa, yule mwanamke wa sponji nimemtunga. Nilikuwa nimekaa mapokezi, sina kazi, nikawaza: ingekuwaje kama kungekuwa na mwanamke ambaye mtaa mzima unampisha, na umbo lenyewe analivua usiku na kulitundika msumarini? Basi, nikaandika. Mke wa mwenye bucha sikumfikiria hata kidogo. Yeye ndiye aliyejifikiria.

Ndivyo nilivyofanya sura zote. Nimetunga tu. Vyote, Bibi. Karibu vyote.

Kifungo wako


20 Desemba

Kifungo,

"Karibu vyote" ndiyo nini? Nikikwambia nimekushonea gauni karibu lote, utalivaa?

Tuliza roho usikie. Juzi kaja kinyozi. Yule mwenye nywele zake nyeusi za kulala upande, hata upepo haziujui. Kaja amevaa kofia mpaka kwenye nyusi, akafunga mlango nyuma yake. Akaninong'oneza: "Bibi, uliniona lini?" Nikamuuliza nikuone na nani? "Bila nywele." Nikashika ukuta! Kinyozi anavaa wigi, Kifungo. Mtu ananyoa vichwa vya watu tangu wanaota meno, kichwa chake mwenyewe kitupu kama yai. Kumbe humo kitabuni kuna kinyozi kipara. Nikamwambia hajatajwa yeye, mtoto katunga tu. Akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anajua?" Nikamwambia hakuna. "Na sasa?" Nikamwambia sasa najua mimi. Mwanaume akalia.

Hivi ndivyo ninavyoishi likizo hii. Kila anayekuja kunigombeza ananiachia siri mpya. Nilikuwa fundi asiyesema, sasa nimekuwa pipa la kila mtu. Nashtuka asubuhi, nashtuka mchana, jioni nakaa nangoja wa kunishtua. Bado sijajua kama nimeharibikiwa jina au limekua, maana wanakuja kulia, na wakishalia wanaagiza nguo.

Sasa nikaona, kama nitalaumiwa kwa kitabu, bora nikijue. Nikamwita mwalimu mstaafu anisomee. Anakuja na simu yake na miwani yake, tunakaa barazani. Mwandishi wewe ni mkorofi lakini unaandika, hilo nitasema. Mahali pengine nilicheka, nikajikasirikia. Tukaenda vizuri mpaka sura ya nane. Tulipofika ya tisa, mwalimu akakohoa. Akasema simu imekwisha chaji. Nikasema sawa.

Kesho yake nikampa binti wa duka la dawa. Sura ya tisa, chaji imekwisha. Nikamwomba dereva wa lori, gari lote lile limejaa nyaya za kuchajia. Akasoma ya nane, akarukia ya kumi. Nikamuuliza ya tisa iko wapi. "Mama mkubwa, nadhani haijafika huku." Haijafika! Ya kumi imefika kwa gari gani?

Mama yako ndiye kabisa. Nikitaja tu sura ya tisa anakumbuka ana kitu jikoni.

Watu wazima wote hawa wananikwepa kama wanamkwepa mdai. Kifungo, sura ya tisa ina nini?

Bibi Pindo


22 Desemba

Bibi,

Sura ya tisa haina maana. Ni fupi. Kama ningejua, ningeiondoa kabla. Tafadhali usimwombe mtu mwingine akusomee, nitakuja mwenyewe nikipata ruhusa kazini, tutaongea. Tafadhali, Bibi.

Je, macho yanaendeleaje?

Kifungo


26 Desemba

Mwanangu,

Naandika nimesimama, juu ya ubao wa pasi, maana nikikaa nitalia na wateja wako nje.

Imetokea. Jana baada ya chakula nilimwambia mama akajilaze. Hakuinuka. Barua yako ilikuwa mapajani kwake, kaikunja vizuri. Akasema, "Leo silali. Na mjukuu wangu ananiuliza habari za macho, wakati mimi sikumwambia habari za macho." Nikaendelea na pasi. Akasema, "Sura ya tisa nimeshaisikia. Yote."

Nilikuwa na pasi mkononi. Niliiacha pale pale juu ya suruali ya watu, nikapiga magoti. Nikamwambia: "Mama, nisamehe. Nilikuwa nafumua ile iliyopinda tu. Mwanzoni sikugusa kola wala mifuko, ni pindo tu, na ubavuni. Sikutaka wakuseme."

Akaniuliza, taratibu kabisa: "Unafumua nini?"

Ndipo nilipojua kwamba hajasikia kitu. Alikuwa ananipima. Na mimi mwenyewe nimeshamwaga kila kitu miguuni kwake.

Hakunigombeza. Ningeomba anigombeze. Alikaa, akaangalia chini ya meza, pale nyuzi zilipokuwa, akasema, "Paka." Neno hilo moja. Tukasikia harufu, suruali imeungua, alama nzima ya pasi kwenye goti, na hakuna aliyeinuka.

Baadaye akachukua shuka akaifunika cherehani, akaichomekea pembeni kama kitanda. Akaingia chumbani. Mpaka sasa hajatoka ila kunywa maji. Wateja wakija kuulizia nguo anajibu kupitia ukutani: "Muulizeni fundi." Sijui fundi anayemsema ni nani. Mke wa mwenye bucha kaja mara mbili, kakaa mlangoni kwake kwenye kigoda, kakaa tu.

Mwanangu, ulinikuta na wembe mkononi likizo iliyopita, nikakuomba. Uliapa. Ukaapa, na bado ukaandika.

Mama yako


28 Desemba

Bibi,

Shikamoo. Najua unaweza kuichana barua hii. Naomba uichane baada ya kuisoma.

Sura ya tisa ndiyo pekee ambayo sikuitunga. Niliiona. Likizo iliyopita, mchana, ulikuwa umelala. Nilitoka uani nikamkuta mama amekaa kwenye ngazi ya nyuma, gauni la mteja limelala mapajani, wembe mkononi. Anafumua mshono wako kipande kwa kipande, anaushona upya, halafu anasimama, anasikiliza mlangoni kama umeamka, anarudi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemwogesha mtoto aliyelala. Sijawahi kuona kitu kama kile. Niliapa nisiseme. Nikajidanganya kwamba kuandika si kusema.

Na nikwambie baya zaidi, ili usilisikie kwa mwingine. Nilifurahi kwamba ni kitabu pepe. Wewe huna simu. Nilijua kwamba hata ungekuwa nayo, maandishi yale madogo usingeyaona. Nikasema nitaliweka jina lako juu, watu walisome, na kilichomo kitapita juu ya kichwa chako bila kukugusa. Nilikuficha mbele ya macho yako, kwa sababu ya macho yako.

Nimekitoa, Bibi. Tangu jana usiku hakipo tena. Hakuna atakayekipakua.

Sijui nikuombeje.

Kifungo


3 Januari

Kifungo,

Marahaba. Barua sikuichana, karatasi ni nzuri, nimekatia mchoro wa kola.

Sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa na la kusema, na hilo halijapata kunitokea tangu nijue kusema. Nililala naangalia dari. Nikasema, mtaa mzima! Mwalimu anakohoa, dereva anarukia ya kumi, binti wa dawa anazima simu yenye chaji, wote wananionea huruma. Mimi! Mimi ninayewaonea huruma wao! Ningepigwa kofi mchana sokoni nisingeshtuka vile. Nguo zote zile nilizotandaza kwenye meza nikasema tazameni, haufumuki. Haufumuki kwa sababu umeshafumuliwa.

Halafu nikainuka. Mama yako alikuwa kaenda kupeleka nguo kwa watu. Nikafungua kabati, nikatoa zilizokuwa zinangoja kuchukuliwa, nikazigeuza ndani nje zote, nikaketi kitandani nikazipapasa. Macho nimeyafumba, hayana kazi hapo. Kidole changu bado kinasoma. Nikaukuta mshono, umenyooka kama uzi wa timazi ya mwashi. Na kando yake, Kifungo, nikavikuta vitundu. Vitundu vya sindano vitupu, uzi umetolewa, vinakwenda upande kama njia ya mlevi. Vile ndivyo vyangu. Nilivifuata gauni zima kwa kidole. Nilikuwa nimekwishapotea njia na sikujua.

Nikafika mwisho wa mshono. Pale mwisho mimi hurudi nyuma kidogo, halafu fundo nalificha ndani ya pindo mtu asilione. Hiyo sikuifundishwa na mtu, niliizua mwenyewe, ndipo jina la Pindo lilipotoka. Nikapapasa, nikalikuta fundo lipo, limejificha vile vile, mahali pale pale. Ningeapa ni mkono wangu. Na si mkono wangu.

Basi nililia kidogo, usimwambie mtu. Nilipomaliza nikafungua mlango, nikamkuta mke wa mwenye bucha kwenye kigoda. Kasimama mbele yangu, nikaona mbona kuna mwanga pande zote? Kaziacha sponji nyumbani! Mwembamba kama kijiti cha mshumaa. Akasema, "Bibi Pindo, nipime palipo." Na kinyozi kaanza kunyoa watu kofia kaitundika, kichwa kinang'aa, watoto wanajitazama humo. Yule mke wa mwenye bucha akaniambia, "Sisi tumeshavua. Wewe je?" Jeuri iliyoje! Nikamfukuza. Halafu nikamwita arudi, nikampima.

Sasa hivi ndivyo ilivyo. Cherehani nimeifunua na nimeivuta mlangoni, wateja wote waone, na kwenye kiti chake amekaa mama yako. Mimi nakata. Mkasi bado ni wangu, kitambaa nakijua kwa kiganja, hapo asinijie mtu. Mchana silali. Mama yako alianza kusema "Mama, kajilaze," nikamwambia kajilaze wewe, umechoka kwa kazi ya wizi. Tulicheka mpaka mteja akaingiwa na wasiwasi. Ile suruali iliyoungua tumeitia kiraka magoti yote mawili, mwenyewe kadhani ndiyo mtindo, kataka na ya pili. Paka wa jirani nimemwomba radhi kwa samaki.

Tuje kwako. Usidhani nimekusamehe, bado nina hasira na nitakaa nayo kwa raha zangu. Unaniambia umekitoa kitabu. Mwezi uliopita ulikitoa kikawa kipo, sasa umekitoa kikawa hakipo. Kutoa gani huku? Basi kitoe tena, kule kutoa kwa kwanza. Watu wanakiulizia mlangoni kwangu kama mkate. Sura ya tisa usiipunguze hata neno, ila mama yako umwandike vizuri zaidi, sijui umeandikaje lakini najua haitoshi.

Na jina langu libandue. Mimi nilitoa ruhusa kwa pepe, sikutoa kwa punje. Kitu kikijaa kiwe na mwenyewe. Weka lako, ulilopewa shuleni au hilo la Kifungo, shauri yako, mradi mtu akija na sponji zake akugombeze wewe. Wewe ndiye uliyetunga. Mimi siku hizi hata sindano siwezi kuitunga.

La mwisho. Sura ya tisa sijaisikia mpaka leo. Mama yako kataka kunisomea, nimemkataza. Mwalimu kaja mwenyewe na miwani, nimemrudisha. Wewe uliiandika ukijua sitaiona. Basi omba ruhusa hapo zahanati, panda hilo lori, uje uketi mbele yangu uisome kwa mdomo wako, polepole, na mimi nikuangalie. Nitakuona tu. Uso wa mjukuu wangu si tundu la sindano.

Na hiyo simu ije imejaa chaji.

Bibi yako,
Bibi Pindo, mkataji